Wimbo wa Baba kwa Mwendo wa Polepole

Fundi cherehani anayefanya kazi kwenye kibaraza cha duka la mwanangu, hapa Tunduma, huitia mashine yake mafuta kila asubuhi kabla hajakanyaga pedali. Mimi hukaa karibu naye kuota jua, maana mifupa yangu haielewani tena na baridi ya huku. Harufu ya mafuta yale ikinifikia nanyamaza ghafla, naye hudhani bibi kasinzia. Sijasinzia. Niko kijijini kwetu Mpemba, mtoto wa miaka tisa hivi, nimepiga magoti mbele ya gramafoni, na baba anaipaka springi yake mafuta ya namna hiyo hiyo kwa unyoya wa kuku.

Zilikuwa zama za Mwingereza. Wanaume wengi wa kwetu walikuwa wakivuka mpaka kwenda Rodeshia kwenye migodi ya shaba, na waliporudi walirudi na mablanketi, baiskeli, na maneno ya Kibemba ya kuturingishia. Baba yangu alirudi na gitaa, gramafoni ya kufunga kama sanduku, santuri moja, na mkono wa kushoto usio na vidole viwili. Kibehewa cha mawe kilikuwa kimevisaga huko chini ya ardhi.

Santuri ile ilikuwa na sauti yake mwenyewe. Kabla hajaumia, Mzungu mmoja alikuwa amepita kwenye makazi ya wafanyakazi na mashine ya kunasia sauti ndani ya gari, akawaita wanaojua kupiga. Baba alipiga wimbo mmoja tu na kuuimba. Santuri ilipokuja kumfikia, vidole vilivyoupiga ule wimbo vilikuwa vimekwisha kuzikwa. Unaweza kuwaza mtu akifungua kifurushi cha namna hiyo. Mimi nimewaza maisha yangu yote, na hapo ndipo huruma yangu kwake huanzia, na ndipo huishia.

Maana baba hakukubali wimbo ule ufe. Alitaka kumfundisha mtu, ila alipojaribu kueleza alikuta hajui. Alikuwa anaweka gitaa pajani, anautazama ule mkono wake mbovu, kisha anatikisa kichwa. Alisema vidole ndivyo vilivyokuwa vinajua, yeye mwenyewe alikuwa anavifuata tu. Basi ikambidi ajifunze kutoka kwake mwenyewe, kwa kujisikiliza kama anavyosikilizwa mgeni.

Lakini wimbo ulikuwa unakwenda mbio. Nyuzi za juu zilikuwa zinakimbizana na nyuzi za chini, na sikio halikuwahi kushika chochote. Hapo ndipo baba alipobuni ujanja wake. Kwanza alisukuma kile kijiti cha kupunguza mwendo hadi mwisho. Bado wimbo ulikimbia. Akaniita mimi, akaniweka ubavuni mwa mashine, akaniambia nigusishe kidole ukingoni mwa santuri inapozunguka, nisiikandamize sana ikasimama, wala nisiilegeze ikatoroka.

"Polepole, Tabita," alikuwa akisema. "Ishike kama unavyomshika kifaranga."

Santuri ilizunguka kwa uvivu chini ya kidole changu, ikanipasha moto ngozi, na kutoka kwenye lile sanduku ikatoka sauti ya baba iliyokuwa nzito kama ya fahali aliyekwama matopeni. Siku ya kwanza bibi yetu, mama yake baba, alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nani anaumwa. Majirani walipita njiani wakicheka, wakisema baba Tabita anajisikiliza anavyokoroma. Mama hakucheka. Alikuwa akipukuchua maharage kando ya mlango, na kila sauti ile ilipoanza alihamisha ungo wake akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Mimi niliipenda. Katika mwendo ule wa kuvutwa nilizisikia nyuzi moja moja, kila moja na mahali pake, na nikaanza kuzijua kama nilivyowajua mbuzi wetu. Sauti inapopunguzwa mwendo hushuka pia, kwa hiyo baba alilegeza nyuzi za gitaa zishuke zifanane nayo. Zilipolegea zikawa laini, hata vidole vya mtoto viliweza kuzikandamiza. Jioni moja, kabla jua halijazama, baba alikuwa akitafutatafuta sehemu fulani kwa ule mkono wake bila kuipata. Nikamwambia, "Baba, si hapo, ni hapa," nikaushika uzi. Ulilia sawasawa. Akalitoa gitaa pajani kwake, akaliweka kwangu.

Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Mdogo wangu ndiye aliyeshika santuri, nami nikashika gitaa. Asubuhi tulikuwa shambani kwenye ulezi, mchana tukila tukipumzika, na alasiri ilikuwa ya wimbo. Baba alipeleka sindano mahali anapotaka, tunasikiliza kipande kidogo, napiga, anasema rudia. Hakuwahi kunipigia kelele. Nilipopata kipande kigumu alikuwa akipiga goti lake kwa ule mkono mbovu na kusema, "Huo ndio mkono wangu!" Sikuwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo, na kwa kweli mpaka leo sijapata. Ngozi ya ncha za vidole vyangu ikawa ngumu, na shuleni nilikuwa nawagusisha wenzangu washangae.

Kidogo kidogo baba alizikaza nyuzi na kuiachia santuri iende mbio zaidi, hadi siku moja nikaupiga wimbo mzima kwa mwendo wake wenyewe. Mama alikuja akasimama mlangoni. Ndipo nilipogundua kuwa ulikuwa wimbo wa kuchezwa, wimbo wa furaha. Muda wote ule nilikuwa nimedhani ni wa matanga.

Baba akatangaza kuwa siku ya harusi ya dada yangu Ruti, baada ya mavuno, wimbo wake utalia uwanjani kwetu mbele ya ndugu wote, wa huku na wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Hakusema nani ataupiga. Nami sikuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa wasichana watupu na aliyeujua ni mimi. Nikaanza kulala na harusi ile kichwani. Nilijiona nimekaa kwenye kiti cha baba, mashangazi wa Nakonde wakiuliza huyo binti ni wa nani.

Ulezi ulipoanza kukomaa akaja Yona, mtoto wa baba mdogo, kutoka kijiji cha Mbebe. Kwetu huyo si binamu, ni kaka. Alikuwa mvulana mkubwa, mwenye kucheka ovyo na kula kuliko wote. Baba alimkalisha karibu yangu, akaniambia, "Mwonyeshe kaka yako. Polepole, ashike."

Nilifurahi, jamani. Nilidhani nimepata mwenzangu wa kupokezana naye zamu. Santuri ilikuwa imeanza kuchakaa, inakoroma mahali pengi, kwa hiyo sasa hawakuitumia tena, walinitumia mimi. Nilipiga kipande, nikakirudia, nikakipunguza mwendo, nikakipunguza tena, na baba akisema "polepole" kwa sauti ile ile aliyoitumia wakati nashika santuri. Vidole vya Yona vilikuwa vizito lakini havikuwa vijinga. Ulezi ulipoingia ghalani alikuwa ameupata wimbo, isipokuwa mahali pamoja alipokuwa akijikwaa kila siku.

Siku ya harusi niliamka mapema kuliko bi harusi. Nilioga, nikapaka vidole mafuta, nikavaa gauni nililoshonewa. Wageni walipokwisha kukaa na mashangazi walipokwisha kupiga vigelegele vya kwanza, baba aliingia ndani akatoka na gitaa. Nikasimama. Alinipita, kwa karibu sana hata kichwa cha gitaa kiligusa bega langu, akampa Yona.

Nilimwambia, "Baba."

"Nenda ukamsaidie mama yako," akasema, bila ukali wowote. "Maji yanahitajika jikoni."

Niliusikia wimbo wangu nikiwa kwenye moshi, nimeshika ndoo. Uwanja ulilipuka. Yona alijikwaa pale pale alipokuwa akijikwaa, nami vidole vyangu vikajikunja vyenyewe kwenye mshikio wa ndoo, vikapita pale vizuri. Hakuna aliyejua. Shangazi mmoja wa Nakonde aliingia jikoni akifuta machozi, akasema, "Kijana kachukua kabisa mkono wa baba yake mkubwa." Nilipochungulia nje nilimwona baba analia mbele za watu, mwanaume yule ambaye hata siku ya kuumia inasemekana hakulia.

Nikaamua kwamba nilikuwa nimekosea mahali. Mtoto hutafuta kosa kwake kwanza. Nilidhani labda nilipiga kwa haraka mno, labda sikukaza uzi wa tatu inavyotakiwa, na kwamba nikizidi kujitahidi baba atanirudishia. Nikachukua ubao, nikautia nyuzi za mkonge, nikaenda nyuma ya ghala kila alasiri kujizoeza. Haukutoa sauti ya maana, lakini mimi niliisikia. Miezi ikapita hivyo, na baba alikuwa akipita pale na jembe lake, ananiona, anaendelea na njia yake.

Mama ndiye aliyenikomesha. Alikaa chini kando yangu, akaushika ule ubao, akaulaza mapajani.

"Tabita, mama yangu, acha," akasema. "Si kwamba hujui."

"Sasa ni nini?"

Alikuwa na kamasi za mtu anayejizuia kulia. Aliondoka na ubao, na jioni nikauona unawaka chini ya chungu cha maharage. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyomchukia baba. Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa akiniambia: kwamba hapakuwa na kosa la kurekebisha, na kwamba kadiri nilivyojifunza vizuri ndivyo nilivyoharakisha siku ya kunyang'anywa. Baba hakuwahi kunifundisha mimi. Aliuweka wimbo wake kwangu, kama mtu anavyoweka mbegu kwenye mtungi wa jirani, akingojea mtoto wa kiume afike.

Yona aliondoka na gitaa kwa lori kwenda Nkana, kule migodini, kabla hajaota ndevu vizuri. Huko akapiga kwenye mabaa, akaoa, asitume tena hata salamu. Mimi niliolewa hapa hapa Tunduma, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, na mama alipofariki nikamchukua baba akae kwangu. Alikuwa amedhoofika, mkono mzima nao unatetemeka, ikabidi alishwe. Asubuhi moja, nikiwa nimeshika bakuli la uji wake wa ulezi, nikamuuliza. Sikuwa nimepanga. Nikamuuliza kwa nini siku ile alimpa Yona.

Alinishangaa kweli kweli. Hakuwa anajitetea, hakuona kama kuna la kujitetea.

"Sasa ningempa nani, mwanangu?" akasema. "Wewe ulikuwa mtu wa kuondoka."

Nikampa kijiko kingine, nikamfuta kidevu. Nilimlisha hivyo hadi siku yake ya mwisho, na Yona hakuja hata kuzika. Watu wa hapa husema mama huyu alimtunza baba yake kwa moyo, na ni kweli, nilimtunza. Kumsamehe sijamsamehe.