Jenerali Niliyempeleka Chuo Kikuu

Asubuhi moja, miaka ile ya korona, nilitoka Minto, kitongoji cha Sydney, na begi bila kujua niendako. Ghala nililofanyia kazi lilikuwa limetusimamisha. Treni ikanifikisha Mount Druitt, kitongoji kingine, ambako Mama Neema, mjane Mkongomani, alikuwa akipangisha chumba.

"Sipangishe mutu bila kumujua," alisema mlangoni. "Weye ni nani?"

"Msomi, Mama. Nina digrii." Barakoa ilinisaidia kudanganya.

Sebuleni palikuwa na picha ya jenerali wa mapinduzi ya Meksiko. Nilimtambua, kwa kuwa nilishasoma habari zake kwenye simu: mtoto wa maskini, aliacha shule mapema, akafanya kazi ya uchapaji, akaingia vitani, akawa jenerali kisha mwanasiasa. Nilimpenda kwa hayo hayo. Lakini chumba nilikitaka zaidi.

"Huyu naye alimaliza chuo kikuu," nikasema. "Bila vyeti nani angemfuata?"

Mama Neema akacheka mpaka akaketi. "Marehemu bwana yangu alitoka Meksiko. Alimupenda huyu juu wote wawili waliacha masomo. Sasa weye uliishia darasa gani?"

"La sita, Mama."

"Weka begi. Chumba ni kile cha nyuma. Barakoa usitoe kwanza, ninaona uko na haya."