Baba Alitunga Tusi Kabla ya Jina

Siku ile baba yangu alikuwa na sauti mbili kwa wakati mmoja.

Moja ilitoka kwenye spika, kubwa na tamu, inaimba. Nyingine ilitoka kinywani mwake. Alikuwa anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

Na sauti hizo zilikuwa zinasema maneno tofauti.

Uwanja mzima uliisikia ile ya kwanza. Ya pili tuliisikia sisi tu tuliosimama naye jukwaani.

Ngoja nianzie mwanzo, nisije nikakuchanganya.

Baba ni fundi wa makochi. Kochi lako likichanika, sponji likaanza kuchungulia nje, unamletea yeye. Hufanya kazi mdomo umejaa misumari midogo, anausogeza mmoja kwa ulimi, anauchukua, anagonga. Ukimsalimia muda huo anakujibu kwa nyusi.

Lakini mtaani hajulikani sana kwa makochi. Anajulikana kwa nyimbo.

Nyimbo za kampeni za chama chetu, zile ambazo hata mpinzani anajikuta anaziimba bafuni, nyingi ni zake. Hutunga huku anagonga. Nyundo ndiyo ngoma. Akipata ubeti, anatema misumari kiganjani, ananipa maneno, halafu anairudisha mdomoni na kuendelea na kazi. Mimi namuimbia, yeye anasikiliza.

"Wimbo ambao hujausikia kwa mdomo wa mwenzio," husema, "bado hujautunga."

Zamani kazi hiyo ya kumuimbia ilikuwa ya dada yangu. Alipokwenda kusomea sheria, nikairithi mimi.

Dada alirudi wakili. Akarudi na chama kingine pia.

Hapo usidhani palikuwa na uadui. Palikuwa na utani wa kukata na shoka.

"Shikamoo, Baba. Chama chenu bado hakijaanguka tu?"

"Marahaba. Kikianguka kitakuangukia wewe uliye chini."

Mama anacheka mpaka anajifuta machozi, chakula kinapoa. Ndivyo tulivyoishi. Mungu alikuwa ametupa amani, na sisi tuliichukulia kama hewa tu.

Sasa sikia.

Uchaguzi ukakaribia. Mgombea urais wa upande wa pili akawa hajamtaja mgombea mwenza. Kila mtu anabahatisha. Magazeti yanabahatisha, kinyozi anabahatisha, mpaka watoto.

Mwenyekiti wetu wa tawi akaja karakana. Mtaani tunamwita Mtarajiwa, kwa sababu tangu nipate akili anatarajia kuteuliwa kuwa kitu fulani. Akakaa kwenye kochi la mteja ambalo halijamaliziwa, likamzamisha mpaka magoti yakafika kidevuni.

"Mzee, tunataka wimbo wa kumponda mgombea mwenza wao."

Baba akatema misumari. "Kwani ametajwa?"

"Bado."

"Sasa nitamsema vipi mtu nisiyemjua?"

Mtarajiwa akacheka. "Si ndiyo hivyo hivyo? Sema hajulikani! Wakimtaja asubuhi, sisi mchana tunao. Wao wanapiga makofi, sisi tayari tunaimba."

"Na kama ni mtu mzuri?"

"Mzuri? Kwa wale? Mzee, usinichekeshe, hili kochi litanimeza."

Baba naye akacheka. Akarudisha misumari mdomoni, akaanza kuimba puani.

Kabla kochi lile halijaisha, wimbo ulikuwa umeisha.

*Mgombea kakosa mtu, kaokota njiani,
kiatu cha mguu mmoja, mwenzake yuko wapi?
Huyo mwenza kwao wapi?*
Hajulikani!
*Huyo mwenza baba yake nani?*
Hajulikani!

Nitasema kweli, ulikuwa mtamu. Mimi ndiye niliyemuimbia kwanza, na tulicheka sote wawili. Tukaenda kuurekodi kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya chama, magodoro yameegeshwa ukutani kuzuia kelele. Baba anauliza, mimi na akina mama wa kwaya tunaitikia. Hajulikani! Hajulikani! Mtarajiwa anaruka ruka kama mtoto.

Jina lilitajwa siku ya kazi, mchana.

Tulikuwa na televisheni ndogo juu ya rafu ya vitambaa. Mgombea akasimama, akasifu wee, akasifu wee, halafu akanyoosha mkono.

Akatokea dada yangu.

Nyundo ikanyamaza. Baba akafungua mdomo, misumari ikamwagika kifuani, ikadondoka sakafuni. Hakuinama kuiokota.

Kwenye televisheni dada alikuwa anapunga mkono. Amevaa gauni nililomshonea mimi.

"Ni yeye," Baba akasema.

"Ni yeye, Baba."

Nilitaka kufurahi. Naapa nilitaka. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na sauti moja tu inayoitikia, na ilikuwa yangu.

Simu ikaita. Baba akaweka sauti ya nje, kama kawaida yake.

"Shikamoo, Baba. Umeniona?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona. Mbona hukuniambia?"

"Nilikatazwa kusema, Baba. Unisamehe." Kisha akashusha sauti. "Najua huwezi kunipigia kura. Sikuombi hiyo. Kisemeni chama changu mnavyotaka. Ila wewe usipande jukwaani kunisema. Wengine waache, nitawavumilia. Wewe usipande."

Baba akaziba macho kwa kiganja.

"Sipandi, mwanangu. Nimekuahidi."

Laiti angemwambia habari ya wimbo saa ile ile. Labda nisingekuwa naandika haya. Lakini aliona aibu, akadhani atauzima kimya kimya kabla haujatoka.

Akavaa shati lake la heshima, tukaenda ofisi ya chama.

Tulipokata kona tu, gari la matangazo likatupita. *Huyo mwenza baba yake nani?* Sauti ya Baba hiyo. Na mimi huyo, naitikia.

Mtarajiwa alitupokea kwa kicheko. "Mzee! Mungu akupe nini tena?"

"Zima huo wimbo."

"Nizime? Umeshafika kila mahali."

"Yule ni binti yangu."

"Najua ni binti yako! Mtaa wote unajua! Ndiyo utamu wenyewe huo. Baba mzazi anasema hamjui, mpiga kura atamjua vipi?"

"Mimi sikumsema yeye. Nilisema mwenza. Hakukuwa na mtu."

"Basi sasa yupo."

Baba akakaa kwenye benchi. Mtarajiwa akamshika bega, akalainisha sauti. "Sikiliza, mzee wangu. Jumamosi kuna mkutano mkubwa. Wimbo utapigwa, uje usije. Ukija, jukwaa ni lako. Maneno ukitaka kuyageuza, wewe si ndiye mtunzi?"

Hapo ndipo aliponaswa.

Kwa sababu hiyo kweli ndiyo desturi ya watunzi. Ubeti hugeuzwa palepale jukwaani, kwa kuangalia uso wa watu. Baba amefanya hivyo maisha yake yote. Mtunzi akiugeuza wimbo mbele ya umati, ule wa zamani unakufa, watu wanaondoka na mpya.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Baba, uliahidi hutapanda."

"Nikikaa chini, utaimbwa hivyo hivyo. Nikipanda, nitauua."

"Mwambie kwanza."

"Nitamwambia nikishauua."

Siku hizo niliomba sana. Nilipiga magoti kabla ya kwenda kwenye masomo yangu ya jioni, na niliporudi nilipiga tena. Sikuomba chama chochote kishinde. Niliomba Baba apate maneno.

Na aliyapata. Aliyatunga karakana, nikamuimbia. Umati ukiulizwa, *Huyo mwenza baba yake nani?* yeye mwenyewe angejibu, *Ni mimi hapa, jamani. Siasa tutashindana, damu siikani.*

Nilipoimba hivyo, aliweka nyundo chini, akaniambia nirudie.

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu walikaa juu ya kuta. Baba akapanda na kofia ya chama, sisi waitikiaji nyuma yake. Akapewa maiki. Wimbo ukaanza.

Ukafika pale.

*Huyo mwenza baba yake nani?*

Baba akanyanyua mkono kunyamazisha kwaya. Tukanyamaza. Akavuta pumzi, akaimba, "Ni mimi hapa, jamani!"

Lakini spika zikajibu, *Hajulikani!*

Akashtuka. Akaigonga maiki. Haikulia.

Haikuwa imeunganishwa kamwe. Ilikuwa pambo. Walikuwa wanapiga rekodi, ile ya chumba cha magodoro, na sisi tumewekwa pale tuonekane.

*Kwao wapi?* sauti yake ikauliza kutoka kwenye spika.

"Kwao ni kwangu!" akapiga kelele.

*Hajulikani!* nikaitikia mimi kutoka kwenye spika, huku nimesimama pale midomo yangu imefungwa.

*Baba yake nani?*

"Mimi! Baba yake ni mimi! Nisikilizeni!"

*Hajulikani!* Uwanja mzima sasa. Watu wanaruka. Vumbi. Baba anatembea huku na huku ukingoni mwa jukwaa, anajipiga kifua, machozi yanamtiririka, na watu wanamshangilia kwa jinsi alivyo na ari.

Mtarajiwa alikuwa kando ya mitambo, ananyanyua kidole gumba.

Nilimshika Baba mkono nikamshusha. Alikuwa mwepesi kama mto wa kochi.

Jioni ile video ilikuwa kwenye kila simu. Usipojua, unamwona mzee mwenye hasira, anajipiga kifua, anamkana binti yake kwa nguvu zake zote. Na sauti ni yake. Nani atabisha?

Dada hakupokea simu.

Baba alipiga. Mama alipiga. Mimi nilipiga mpaka simu ikachoka. Mwisho nikaenda ofisini kwake. Walinzi walinijua wakaniruhusu.

Alikuwa amekaa nyuma ya meza iliyojaa mabango yenye uso wake. Hakuinuka kunikumbatia.

"Dada, sikiliza. Maiki ilikuwa imekufa. Alikuwa anasema ni yeye. Alikuwa anakukubali."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namuimbia kabla yako. Namjua anavyofungua mdomo. Niliiangalia ile video nikaisoma midomo yake. Alikuwa anasema, ni mimi."

"Sasa, Dada, kama unajua..."

"Wimbo alitunga nani?"

Nikaangalia mabango mezani.

"Alipewa mtu asiyemjua, asiye na uso, akamtungia kwamba hana kwao. Kama nisingekuwa mimi, angeuzima?" Akaokota bango moja, akalikunja taratibu. "Angekuwa mtoto wa mwingine, mngekuwa mnaucheka mpaka leo. Wewe na yeye."

"Ulikuwa utani wa kampeni tu..."

"Aliniahidi hatapanda, nikamuamini. Na kabla sijaiona hiyo video, mdogo wangu, nilikuwa nimeshausikia wimbo kwenye gari la matangazo. Sauti ya kuitikia niliitambua pia."

Nikageuka kuondoka.

Nilipofika mlangoni akasema, mgongo amenipa, "Kunikana, alinikana kwenye spika. Kunikubali, alinikubali kwenye maiki iliyokufa. Nchi nzima imesikia lipi?"

Uchaguzi ukapita. Nani alishinda si hoja ya kisa hiki, na kwa Baba haikuwa hoja tena. Alirudisha kofia ya chama, akarudisha na kadi. Mtarajiwa, kwa taarifa yako, bado anatarajia.

Baba hatungi tena. Anagonga makochi bila mdundo.

Nilimpelekea maneno ya dada kama yalivyo, sikupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ana haki. Basi nitasema mpaka wasikie."

Na anasema. Foleni ya maji, anasema. Kwa kinyozi, anasema. Kwenye msiba wa jirani alisimama akaomba nafasi, akasema. "Yule wakili mliyemuona kwenye mabango ni mwanangu wa kumzaa. Ule wimbo nilikosea."

Wengine humshika mkono. Wengi huangalia pembeni.

Juzi nilikuwa naye, tumebeba mito ya kochi kumpelekea mteja. Tukapita mbele ya banda la kuonyesha mpira. Vijana wakamwona.

"Mtunzi huyo!" mmoja akasema. Akaanza kwa kupiga benchi. "Huyo mwenza baba yake nani?"

Baba akasimama. Akaweka mito chini, akavua kofia yake ya kazi.

"Mimi," akasema. "Ni mimi hapa."

"Hajulikani!" wakaitikia wote, wakacheka.

Hawakuwa vijana wabaya. Mmoja wao alitusaidia kuinua mito. Ni kwamba wimbo ni mzuri, na ukiulizwa swali lile mdomo unajibu wenyewe. Baba aliutengeneza hivyo. Hakuna fundi mwingine anayeweza kuufungua.

Ndugu yangu unayesoma, una upande wako, na mimi sikuulizi ni upi. Ila mtu akiteuliwa na upande usioupenda, subiri kwanza umuone uso. Ukimtungia tusi kabla ya jina, jua unamtungia mtoto wa mtu. Usidhani wa kwako hawezi kuingia humo.

Dada siku hizi anapokea simu, namshukuru Mungu. Baba akimpigia anaitika vizuri, anauliza afya ya mgongo wake, anamtumia dawa.

"Shikamoo, mzee," humwambia.

"Marahaba, mwanangu," hujibu Baba, na husubiri kidogo, labda ataongeza neno.

Dada hajamwita "Baba" tena. Neno hilo ndilo ninaloliomba ninapopiga magoti, na ukipata nafasi katika maombi yako, nisaidie.