Nilitupa Kadi za Programu Nikabeba Sabuni

Mpumbavu ni mimi, tena mpumbavu niliyejiona mjanja. Msinihurumie, nisikilizeni tu.

Miaka ile wanajeshi walipotawala Uganda nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye kiwanda kimoja cha jeshi hapa Tororo. Kompyuta yenyewe ilikuwa dubwana la kujaza chumba, na programu ilikuwa rundo la kadi zenye matundu. Mchumba wangu Athieno, binti wa kijiji cha Iyolwa, ndiye aliyezitoboa na kuzifungia kabatini.

Mashine yetu haikuweza kutafsiri kadi hizo. Nilizivusha mpaka wa Busia hadi Kisumu, Kenya, mashine kubwa ya huko inazisoma, inatema kadi nyingine ambazo yetu inazielewa. Hizo za pili binadamu hawezi kuzisoma wala kuzirekebisha. Ukitaka kubadilisha hata neno moja, unarudi kwenye zile za Athieno.

Na nilijua hivyo! Lakini Uganda haikuwa na sabuni, ndugu yangu, na sanduku langu lilikuwa na muhuri wa jeshi. Mpakani hakuna askari wa kuligusa. Basi safari ile programu ilipokubali, nikajiambia, kadi za kwanza za nini tena? Nikazimwaga jalalani Kisumu, nikajaza miche ya sabuni, juu nikapanga kadi mpya. Nikavuka napiga mluzi! Athieno nikamrudishia ufunguo, nikamwambia nimezirudisha kabatini. Mama mkwe nikampelekea sabuni, akanisifu kijiji kizima.

Kisha mkubwa wetu, kapteni, akapanda cheo. Wengine walisema alijipandisha mwenyewe asubuhi akinyoa ndevu. Tatizo, kila karatasi iliyotoka kwenye mashine bado ilimwita kapteni.

"Mimi sasa ni meja! Nani nacheza na mimi?"

Kazi ya kubadilisha kadi moja tu na kuijenga programu upya! Athieno akafungua kabati, akakuta zile kadi za pili za mashine peke yake.

"Kadi iko wapi?" meja akanguruma.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikasema, "Afande, ufunguo iko na yeye."

Loo, mdomo huu! Meja akampa mpaka asubuhi. Zisipopatikana, yeye ni mhujumu, na sote tulijua wahujumu walikopelekwa.

Nje Athieno akanishika shati. "Wewe sema tu, uliiweka wapi?"

Nikajinasua mikononi mwake, nikarudi ndani. Jioni hiyo akavuka Busia kwa miguu, bila hata nguo ya kubadilisha.

Serikali ile ilipoanguka nilimfuata upande wa Kenya. Nilimkuta ameolewa, anauza vitambaa. Nikapiga magoti kweli, nikamweleza yote, mpaka sabuni. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo maneno ungeambia meja," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Ninyi mnaojenga programu siku hizi, tunzeni chanzo chake hata kama inafanya kazi vizuri namna gani. Na mwenzako akishikwa kwa kosa lako, sema pale pale, hata meno yakigongana kwa woga! Mimi nilinyamaza nikapona. Sasa ni mzee, na nyumbani hakuna mtu.