Bi Restituta na Skuta Zilizopaa Mbinguni

Bi Restituta alikuwa na ugomvi na wawili tu duniani: mtakatifu wa ukutani, na kijana asiyemjua jina.

Mtakatifu alikuwa Jenaro, amesimama ndani ya kisanduku cha kioo kwenye ukuta unaotazamana na mlango wake, uso umepakwa rangi ya manjano kama mwenye homa ya ini. Kijana alikuwa yeyote yule aliyeshuka kwenye skuta ya umeme akaiacha papo hapo ilipomchosha.

"Uso wa manjano wee," alimwambia mtakatifu kila asubuhi kutoka roshani, akianika shuka. "Miaka yote umesimama hapo unatazama tu! Hata mlinzi wa benki huamka kidogo. Leo ikiachwa nyingine mlangoni pangu, taa yako naizima."

Na aliizima kweli, kwani waya wa taa ya mtakatifu ulitokea jikoni kwake.

Watu wa kichochoro hawakushangaa. Hapa mtaani kwetu Sanità mtakatifu ni kama shemeji. Heshima anapewa, lakini akizembea anaambiwa.

Bi Restituta alizaliwa kichochoro hicho hicho, nyumba ya tatu kutoka hapo, na safari yake ndefu maishani ilikuwa kuhama nyumba hizo tatu siku ya harusi. Tangu usichana alishona glavu za ngozi. Walizivaa wanawake wa nchi za baridi ambao hakupata kuwaona, ila mikono yao aliijua, nani mnene, nani mwenye kidole gumba kifupi. Ngozi ililetwa na kijana Aniello, amebeba furushi begani, akiimba kwa sauti mbaya isiyo na aibu. "Niliolewa naye ili anyamaze," Bi Restituta husema. Hakunyamaza. Wakazaa mtoto mmoja, Sabatino, akasoma, akaenda Bologna, mji wa mbali kaskazini, akajifunza kuongea polepole.

Kisha macho ya Mzee Aniello yakaanza kuondoka, pole pole, kama mpangaji anayehama akibeba kitu kimoja kimoja. Siku moja nyumba ikawa tupu.

Lakini kitu kimoja hakukiacha. Kila asubuhi alishuka ngazi peke yake, fimbo nyeupe mkono wa kulia, kiganja cha kushoto kikiteleza ukutani, akapita mlango wa Titina muuza pizza za kukaanga, akapita kanisa, akafika mkahawani. Pale alikunywa kahawa amesimama, akaitukana timu yake ya mpira kwa mapenzi makubwa, akarudi. Hakuna aliyeruhusiwa kumshika.

"Siku mtakayonishika mkono," alisema, "nipelekeni makaburini moja kwa moja. Mtakuwa mmeokoa safari."

Ndipo zikaja skuta za kukodi. Mtu huionyesha simu yake, skuta ikakubali, akapanda, akapita katikati ya watu kama nyuki aliyefukuzwa mzingani. Wazee walibandikwa ukutani kama matangazo. Akifika aendako, huitupa: katikati ya njia ya waendao kwa miguu, mlangoni mwa kanisa, na moja ilikutwa imelala kwenye ngazi za zahanati kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Mara ya kwanza Mzee Aniello alijikwaa akapoteza jino. Mara ya pili mkono ulifungwa plasta. Sabatino akaja kwa treni, uso umekunjamana.

"Mama, ikitokea ya tatu mnahamia kwangu. Kuna lifti. Kuna bustani."

"Bustani ya nini kwa mtu asiyeona?"

"Ya kunusa, mama. Apa. Apa kwa roho ya marehemu bibi, mama yako."

Akaapa. Na Sanità si mahali pa kuapa kwa marehemu kisha ukasahau; marehemu wetu ni majirani, wanajua unapoishi. Usiku ule alimsikiliza mumewe akikoroma, akamwona akilini yuko Bologna, ameketi kitini, amewekewa kahawa mkononi, ananusa bustani. Hatakuwa na wa kumtukania mpira. Ataacha kuimba. Miaka yote alimwomba anyamaze, na sasa jambo hilo ndilo lililomtia hofu.

Alianza kwa njia halali. Akaenda ofisi ya mji, wakamwambia apigie kampuni. Akapigia kampuni, mashine ikamshukuru kwa uvumilivu wake, akaitukana, ikamshukuru tena. Akamvizia polisi.

"Bibi," polisi akasema, "hata sisi zinatuangusha."

Sasa, kwenye roshani ya Bi Restituta, kama kwenye roshani zote za mtaa, kuna kikapu cha kamba kinachopita kwenye kapi, kile kigurudumu cha chuma. Huko nyuma kapi hilo lilipandisha mafurushi ya ngozi. Siku hizi hupandisha mkate tu. Asubuhi moja alikuwa akikisubiri kikapu, akaona skuta imelala mlangoni, tairi juu, kama mbuzi aliyekufa. Akatazama skuta. Akatazama kapi.

"Titina!"

"Naam, bibi!"

"Toa huo mkate kikapuni. Tena kitoe na kikapu chenyewe. Nifungie hicho."

"Kipi?"

"Hicho kidubwana."

Titina amekanda unga tangu akiwa binti. Ana mikono ambayo waume wawili waliiheshimu kwa wakati tofauti. Akaifunga skuta, akavuta kamba kutoka chini. Skuta ikapiga kelele ya kuitia watu mwizi. Titina akaanza kuimba kwa nguvu wimbo wa harusi, akavuta, akaimba, akavuta. Mtakatifu Jenaro aliitazama ikimpita usoni. Juu, Bi Restituta akaipokea kwa upendo, akaivingirisha blanketi, akaanika shuka mbele yake.

Jioni ile taa ya mtakatifu iliwaka.

Kabla ya mwisho wa juma zilikuwa nne. Ndipo yakaonekana maajabu ambayo kichochoro kizima kilitoa viti nje kuyatazama. Vijana walikuja, macho kwenye simu, wakazunguka pale chini kama kuku waliokatwa kichwa. Simu ziliwaambia skuta iko hapo. Na ilikuwa hapo. Ila simu haijui ghorofa.

Wakaja pia wawili wa kampuni, wenye gari dogo na fulana za kung'aa.

"Inasema tumesimama juu yake," mmoja akanong'ona.

"Basi imezikwa," Titina akasema, akigeuza pizza kwenye mafuta. "Chimbeni. Hapa kila anayechimba hukuta kitu."

Yule wa pili akabonyeza simu yake, na huko juu, ndani ya blanketi, kitu kikalia: tiii, tiii, tiii.

"Ni nini hicho, bibi?"

Bi Restituta akatoa kichwa kati ya shuka, ameshika shavu. "Mashine ya mume wangu, baba. Ya mapafu. Ikinyamaza, ndiyo basi tena."

Vijana wakainamisha vichwa. Yule wa pili akafanya ishara ya msalaba na, kwa huruma tu, akabonyeza tena ili simu yake isimsumbue mgonjwa. Mashine ikanyamaza.

"Mungu wangu!" akapiga kelele.

"Bonyeza! Bonyeza irudi!" Titina akalia, ameficha uso ndani ya aproni, mabega yakimtikisika. Wakabonyeza, ikalia, wakaondoka mbio. Wakati huohuo Mzee Aniello aliingia kichochoroni kutoka mkahawani, mapafu yake yote mawili yakiimba.

Miezi ikapita hivyo. Njia ilikuwa safi, kiganja kikateleza ukutani, kahawa ikanyweka. Roshani ndiyo ilikosa nafasi.

Hadi Jumapili moja. Sabatino alikuja bila kutoa habari, ashangaze wazazi. Jikoni akaweka trei ya vitumbua vya krimu iliyofungwa utepe, maana Jumapili haji mtu hapa mikono mitupu, akambusu mama yake, akatoka roshani kuvuta hewa. Akasukuma shuka.

"Mama." Akafunua blanketi. "Mama, hizi ni nini?"

"Nguo."

"Mama!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu. Sijaiba. Nimezipandisha cheo."

"Watakufunga! Katika umri huu! Basi, leo leo tunapanga. Mnakuja Bologna, wewe na baba, kabla hamjaniletea polisi."

"Niliapa kuhama akianguka mara ya tatu. Ya tatu haijaja. Baba yako yuko wapi sasa hivi? Mkahawani, peke yake, anatukana watu. Unataka nini zaidi kwa mwanamume wa umri wake?"

Sabatino akatazama chini kichochoroni. Mzee Aniello alikuwa anakuja, akiimba, kiganja ukutani. Na mlangoni, imelala imekingama kizingitini, palikuwa na skuta.

Bi Restituta aliiona wakati mmoja na mwanawe. Lakini aliuona na uso wa mwanawe ukipauka, akaelewa. Mtu aliyebeba trei kwa mkono mmoja kutoka stesheni hakuja kwa miguu; mkono wa pili ulishika usukani.

"Baba, simama!" Sabatino akapiga kelele.

Mzee alisikia sauti ya mwanawe, ambaye alimjua yuko Bologna, ikitoka mbinguni. Akainua uso kwa furaha, akanyoosha mikono, akapiga hatua.

Akaanguka.

Bi Restituta alishika chuma cha roshani, akaisikia roho ya mama yake ikimsimamia begani.

Chini, mzee alikaa kitako. Akajipapasa mikono, magoti, meno yaliyobaki. Akaipapasa skuta.

"Hii ya nani?" akauliza.

Titina akainua macho, akamtazama Sabatino roshani.

"Nimeuliza, ya nani?"

"Ya mwanao, mzee," akasema Titina. "Kaja nayo sasa hivi, kavaa viatu vizuri."

Mzee Aniello akafikiri. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, kikamkalisha vibaya zaidi, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko. "Ya Sabatino! Katoka Bologna yote ile kuniangusha! Mke wangu, umesikia? Hii haihesabiwi! Hii ni ya familia!"

Bi Restituta hakumtazama mwanawe. Aliifungua kamba, akaishusha taratibu, ikampita mtakatifu usoni, hadi chini.

"Kaifunge," akasema.

Sabatino akashuka. Alimnyanyua baba yake kwanza. Mzee akaupiga ule mkono ulioendelea kumshika. Kisha Sabatino, na viatu vyake vizuri, akapiga magoti akaifunga skuta. Ilipopiga kelele alitazama huku na huku.

"Imba," Titina akamwambia. "Ndiyo dawa yake."

Akaimba, vibaya kama baba yake, akavuta.

Jioni alirudi stesheni kwa miguu, habari za Bologna hakuzitaja tena. Simu yake mfukoni ilikuwa ikimkumbusha kila baada ya muda kwamba safari yake ya skuta bado haijaisha, na pesa zinahesabiwa.

Juu, Bi Restituta alikuwa akitafuta pa kuanika shuka.