Nazi ya Nadhiri

Asubuhi ile niliamka kabla ya adhana, nikavaa, nikavua, nikavaa tena. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, na tangu tuje Matrah, huku Omani, kutoka Unguja, baada ya mapinduzi, nilikuwa sijafika popote zaidi ya kisimani na kwa jirani. Leo tulikuwa tunakwenda Maskati yenyewe, ndani ya ukuta, tena si kwa mgonjwa wala kwa maziko. Tulikuwa tunakwenda kwenye hekalu la Mabaniani. Mtu angeniambia nakwenda Misri nisingefurahi zaidi.

Aliyetupeleka alikuwa jirani yetu, mama wa Kibaniani ambaye Unguja tulikaa naye ukuta kwa ukuta, na huku Mungu akatukutanisha tena kichochoro kimoja. Wenyeji walitushangaa. Kiarabu cha mama yangu kilikuwa cha kujikwaakwaa, cha jirani ndiyo usiseme, na wote wawili wakikaa mlangoni jioni wanapiga soga kwa Kiswahili mpaka mate yanawakauka.

Safari yenyewe ilikuwa ya nadhiri. Jirani alimwacha binti yake Unguja, kaolewa huko, na kwa muda mrefu hakujua kama yu hai au kafa. Akaweka nadhiri kwa mungu wao wa kike, ambaye wao wanamwita Mama tu: nikimwona mwanangu kwa macho yangu, nitakuja nikuvunjie nazi. Binti akaja na meli ya Bombei, amekonda lakini mzima. Zilikuwa siku za sikukuu ya huyo Mama, na siku tuliyokwenda ndiyo ilikuwa ya mwisho. Jirani alikuwa hali chakula wala halali usingizi. Aliamini kabisa kwamba sikukuu ikipita na nadhiri haijatimizwa, alichopewa kitachukuliwa. Mama yangu hakumcheka hata kidogo. Sisi nasi tulimwacha kaka yangu Unguja, na habari zake hatukuwa nazo.

Shida ilikuwa nazi. Katika Matrah ya wakati ule tende utazikanyaga, nazi utaiota. Baada ya kuhangaika sana, mume wa jirani aliipata moja kwa nahodha wa Malabari, na kumbi lake lote. Sasa nani wa kuifua?

"Nipe mie," mama akasema. "Nazi nazifua tangu sijavunja ungo."

Kifuo hatukuwa nacho. Akaifua kwa mtaimbo wa kuazima, kapiga magoti uani, jasho linamchuruzika, anacheka peke yake. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu tufike. Alipomaliza kulitoa kumbi hakuridhika. Akaiparura kwa kisu nyuzi zote, hata kile kishungi cha juu, akaisugua kwa mchanga, akaipaka mafuta kidogo mpaka ikang'aa. Akaifunga kwenye kitambaa cheupe na kumkabidhi jirani tulipokuwa tunatoka.

"Usiifungue njiani, shoga, itaingia vumbi."

Tulipanda landrova ya kukodi, wanawake wanne nyuma. Barabara ilipanda mlima, ikakata kona, ikashuka, na kila kona binti wa jirani alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Mimi nilikuwa nimetoa kichwa nje. Mama alinivuta ukaya wa kichwani, nikakitoa tena. Niliona ngome mbili juu ya majabali, bahari katikati yake, na nyumba nyeupe zimesongamana chini. Nikapiga kelele kama mtoto mdogo, na dereva akageuka kutazama nani kaumia. Kwenye lango kubwa tukateremka, dereva akabaki kutungoja nje, sisi tukaingia kwa miguu.

Nilikuwa nimejijengea kichwani jumba la dhahabu. Nikaonyeshwa kijumba cha mawe na chokaa, kimebanwa baina ya nyumba mbili, mlango mfupi ambao ningeupita nikidhani ni ghala la tende, ila juu yake palitungwa maua. Jirani akasema wazee wao walilijenga hekalu lile zamani za zamani, walipokuja kutoka Kachi ya Bara Hindi kufanya biashara, hata babu wa babu yake alilikuta. Nikatazama kizingiti. Katikati kilikuwa kimelika kwa nyayo za watu. Hapo nikaamini.

Mama yangu akasimama ng'ambo ya njia. "Mie nakungojeni hapa. Wewe kaone, lakini kuona tu, umesikia?"

Nilivua viatu na kuingia nyuma ya jirani. Ndani palinuka samli, ubani na asumini. Kengele ilikuwa haipumziki, kila anayeingia anaigonga, na wanawake wenye sari nyekundu na za manjano walikuwa wanaimba na kupiga makofi. Na mwisho wa chumba, kwenye kijishubaka, palikuwa na huyo Mama mwenyewe. Si mkubwa, kimo cha mtoto wa miaka miwili, wa jiwe jeusi, kavishwa nguo nyekundu, macho ya fedha yaliyokodoka. Yalinitazama mimi! Mwili ulinisisimka wote. Sikuogopa. Nilitaka kupiga kigelegele, nikajiziba mdomo kwa ukaya.

Jirani akasogea mbele na binti yake, akafungua kitambaa. Makofi yakafifia. Mzee wa hekalu, kajifunga shuka jeupe, akaichukua ile nazi, akaigeuza juu chini, akasema maneno machache kwa upole. Jirani akanigeukia, uso umemshuka.

"Anasema hii imenyolewa. Nazi ya Mama lazima iwe na kishungi chake. Ya kipara haivunjwi hapa."

Nilitaka ardhi inimeze. Kwetu nazi ni ya kukuna tu, na mwenye adabu zake haachi unyuzi ukaingia kwenye tui. Nani alijua kwamba kwa hawa uzuri wote uko kwenye nyuzi? Nyingine ingetoka wapi, na sikukuu inamalizika? Jirani alimshika binti yake kwa mikono miwili, kama kuna mtu kesha kuja kumchukua.

Ndipo akajitokeza mwanamke kijana, bangili za kijani mpaka karibu na viwiko, kakumbatia nazi yake yenye kishungi. Akazungumza na mzee, kisha akaisukuma nazi mikononi mwa jirani. Baadaye nilielezwa alichosema: amekuja kuomba mtoto, na mtoto wake hata hajatungwa, anaweza kungoja. Wa huyu mama kesha fika.

Mzee akaipiga juu ya jiwe. Pa! Ikapasuka mara moja, maji yakaruka mpaka kwenye miguu yangu, na wanawake wote wakapaza sauti. Jirani akaanguka sakafuni analia na kucheka. Nami kigelegele kikanitoka, cha Unguja hasa, kirefu. Hakuna aliyenikataza.

Tulipotoka, jirani alikuwa na ile nazi ya kipara mkononi. Mama yangu alipoambiwa, akaja juu.

"Imekataliwa? Nazi safi namna ile? Ati wanataka chafu!"

Jirani akacheka mpaka akaegemea ukuta, na mama naye akashindwa kujizuia. Wakasimama pale njiani wanapigana mabega, watu wanapita wanawatazama. Kisha jirani akafuta macho.

"Shoga, usinikasirikie. Nlipokuwa pale chini, nimemtajia yule Mama jina la mwanao pia."

Nikamtazama mama. Mimi nilimjua: mtu wa sala tano na wa sunna, mtu aliyesimama juani kusudi mguu wake usivuke kizingiti kile. Nikangoja aruke. Akainama, akatengeneza ukaya wake uliokuwa hauna kasoro.

"Jina la baba yake umelitaja?" akauliza taratibu. "Maana wenye jina lile kule ni wengi."

Jirani alinipa nazi niishike, akavua viatu, akarudi ndani.