Barua Niliyoitundika Juu ya Kitanda

Kwa mwaka mzima, kila Jumamosi, nilipangusa kwa kitambaa safi barua iliyosema kwamba mwanangu anaweza kufa.

Niliipangusa kwa majivuno.

Mimi ni Vaileth, mama wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa Thamesmead, London. Mwanangu Samson alikuwa akiichezea timu ya taifa ya raga ya Ufaransa, kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa Mfaransa.

Ndugu zangu, raga si mchezo wa kutazamwa na mzazi.

Nimeona taya lake likivunjwa. Nimeona sikio lake likining'inia, likashonwa, naye akarudi uwanjani. Msimu mmoja aligongwa kichwa mara tatu. Siku moja, jikoni kwangu, alitia chumvi katika chai, akainywa yote bila kushtuka.

Wiki ile ile aliniletea barua ya Kiingereza yenye nembo, ndani ya fremu.

"Mum, hii ni ya heshima. Itundike chumbani kwako, si sebuleni. Ni yetu wawili tu."

Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza darasa la watu wazima la kujifunza kusoma. Herufi zilikuwa zikinipiga chenga. Niliitundika juu ya kitanda, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu.

Miezi ikapita. Mwalimu wetu, Sudha, akatupa kazi: "Someni kila kilichoandikwa nyumbani mwenu, hata pakiti ya sukari."

Jumamosi ya mechi dhidi ya England nilisoma sukari. Nikasoma dawa ya mswaki. Kisha nikapanda kitandani.

Nilifuata maandishi ya barua kwa kidole. Daktari. Ubongo. Asicheze tena. Pigo moja zaidi linaweza kumuua.

Nikashuka, nikatafuta simu.

Nilimpigia simu mara kumi na moja. Ilikuwa imezimwa. Niling'oa fremu ukutani, nikaipakata kwenye treni hadi uwanja wa Twickenham.

Niliingia kwa tiketi aliyonitumia Samson, nikakuta mechi imeanza. Mbele ya macho yangu, jitu moja la England lilimgonga Samson shingoni kwa bega; kishindo nilikisikia nikiwa ngazini. Akaanguka. Akainuka, akamrukia yule mtu kooni. Ngumi zikapaa. Damu ikamtiririka hadi kwenye jogoo, nembo ya Ufaransa, kifuani pa jezi yake.

Nikashuka mbio kuelekea uwanjani, mlinzi akanizuia. "Mama, rudi kwenye kiti chako."

"Soma!" Nikamsukumia fremu kifuani.

Akasoma. Akanishika mkono, tukakimbia hadi kwa daktari wa timu. Naye akasoma, uso ukampauka. Barua ile ya daktari wa hospitali hakuwahi kuonyeshwa. Akaamuru Samson atolewe.

Samson alitoka akiunguruma. Akazipiga teke chupa za maji, akamkaba daktari ukosi.

"Nani amekuambia? Nani?"

"Ni mimi, mwanangu."

Akaiona fremu. Akamwachia daktari.

"Umeisoma mwenyewe?"

"Neno kwa neno."

Akaketi nyasini, akacheka, damu imejaa menoni. Kisha akalia.

"Mum, nilishindwa kuacha. Nikajiambia, siku utakapoisoma ndiyo siku yangu ya mwisho. Kila Jumamosi nilikuwa nakusubiri. Mbona umechelewa hivyo?"

Hajacheza tena. Siku hizi chai anatia sukari, ingawa mara nyingine huniuliza leo ni siku gani.

Mama mwenzangu unayeona haya kuketi darasani na mvi zako, nenda wiki hii hii. Huenda yupo mtu nyumbani mwako anayekusubiri usome.