Mweupe Aliyekuja Kuatamia

Juzi mdogo wangu, ambaye siku hizi ni mwalimu, alikuja nyumbani Nyamiaga, akanisogezea simu yenye picha za ndege. "Dada, si hawa wa kwenye mbuni wetu wa kahawa?" Mmoja alikuwa mweupe, mkia mrefu kama utepe. Mwingine mwekundu, rangi ya kutu. Tangu hapo, rafiki yangu, nimechanganyikiwa.

Mwaka aliofariki mama, baba akiwa ametangulia, tulibaki na bibi. Asubuhi tulianika kahawa kwenye mkeka, na ndizi na maharage yakiwa jikoni tulikwenda kuchungulia kiota kwenye panda ya mbuni. Kilikuwa kidogo kama kikombe, kimefungwa kwa utando wa buibui. Mwekundu ndiye aliyeatamia. Bibi alitukataza kumgusa.

Siku shangazi alipofika kutoka Kaniha kumchukua mdogo wangu, tulimkuta mweupe amekalia mayai. Mtoto akaangua kilio. "Mgeni amechukua watoto wa watu!"

Nikamwambia, nisijue chochote, "Ni yuleyule. Amebadilisha nguo, anakwenda kanisani."

Akanishika sketi. "Basi na mimi sichukuliwi?"

"Huchukuliwi."

Ndani, shangazi alikwisha kufunga nguo za mtoto kwenye kitenge. "Wewe bado unanuka chaki," alinicheka. "Utamlea na nini?"

"Na jembe, shangazi."

Nikafungua kitenge, nikazirudisha nguo kambani. Shangazi aliondoka peke yake, amenuna. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule, wala sikurudi tena.

Sasa mwalimu wangu, huyo mdogo wangu, anasema ndege hao ni aina moja. Madume wana mikia mirefu, wengine wekundu, wengine weupe. Jike ni mwekundu, mkia mfupi, na wazazi huatamia kwa zamu. Anaapa mwekundu wetu alikuwa na mkia mfupi. Basi alikuwa mama, na mweupe baba. Lakini mimi naukumbuka mkia mrefu wa yule mwekundu ukining'inia nje ya kiota. Kama ni hivyo, mwekundu ndiye baba, mweupe alikuwa mgeni kweli, na nilimdanganya mtoto kabisa.

Mbuni ule tuliung'oa. Bibi wa kumuuliza hayupo. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na bado sijui. Ila mweupe, awe baba au mgeni, alikaa pale mpaka mayai yakaanguliwa. Hilo tunalikumbuka sote wawili.